Umemejua wa Kishapu: Nani Atashika Saa ya Swichi?

Mwezi Mei mwaka 2023 Shirika la Umeme Tanzania, TANESCO, lilitiliana saini na kampuni ya Sinohydro ya China mkataba wa kujenga kituo cha kuzalisha umeme wa jua katika kijiji cha Ngunga, Wilaya ya Kishapu, Mkoa wa Shinyanga. Mradi mzima umekusudiwa kutoa megawati 150, na awamu yake ya kwanza ni megawati 50. Fedha zake zinatokana na mkopo wa Shirika la Maendeleo la Ufaransa. Habari hizo zilitangazwa, zikapigiwa makofi, na kwa hakika zilistahili makofi. Lakini jambo moja ambalo ndilo roho ya kituo cha namna hiyo halikutajwa hata kidogo katika hotuba, nalo ndilo tunalotaka kulizungumza leo.

Huenda msomaji wetu wa Unguja, Pemba au Tumbatu akauliza: Kishapu iko mbali na bahari, sisi watu wa Visiwani inatuhusu nini? Inatuhusu sana. Tangu mwaka 1980 Unguja imeunganishwa na Bara kwa waya uliopita chini ya bahari, na waya wa pili ukaongezwa mwaka 2013 kutoka Ras Kiromoni hadi Ras Fumba. Pemba nayo ilipata waya wake kutoka Tanga mwaka 2010. Kwa hiyo umeme unaozalishwa Shinyanga, unaoanguka Shinyanga au unaoyumba Shinyanga, ni umeme wetu sote. Na hapana haja ya kuwaeleza watu wa Unguja maana ya kukosa umeme. Waliokuwepo wanaikumbuka Mei ya mwaka 2008, na wanaikumbuka zaidi miezi ile mitatu kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, pale mji mzima uliponguruma kwa majenereta madogo barazani, maji yakawa ya kuteka visimani, na samaki wakaoza sokoni kwa kukosa barafu.

Sasa turudi kwenye roho ya jambo. Umeme unaotoka katika paneli ya jua ni umeme wa mkondo mnyoofu. Unakwenda upande mmoja tu, kama maji ya mfereji. Umeme wa Gridi ya Taifa ni wa mkondo geu: huenda na kurudi mara 50 kila sekunde, ukipanda taratibu hadi kileleni, ukishuka, ukapita sifuri, ukazama upande wa pili, na kuinuka tena, kama wimbi la bahari ya kusi. Katika bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji wimbi hilo huletwa na chuma kinachozunguka. Mitambo yake tisa, kila mmoja megawati 235, inasukumwa na maji, na kule kuzunguka kwenyewe ndiko kunakolipa wimbi umbo lake. Katika kituo cha jua hakuna kinachozunguka. Paneli zimelala zikitazama mbingu. Wimbi lazima litengenezwe, na linatengenezwa na chombo ambacho mafundi wetu wamekwisha kukipa jina la Kiswahili: inveta.

Ndani ya inveta mna swichi. Si swichi ya ukutani inayobonyezwa kwa kidole; ni transista kubwa zinazofunga na kufungua njia ya umeme bila ya kitu chochote kutikisika. Inveta haiwezi kutoa umeme wa nusu au wa robo. Swichi ama imefunga, na volti zote zinapita, ama imefungua, na hazipiti kabisa. Basi wimbi laini linapatikanaje kutokana na kitu kinachojua ndiyo na hapana tu? Jibu lake ni wakati. Tuchukulie swichi inayofanya kazi mara 10,000 kwa sekunde. Kila zamu yake ni sehemu 100 za milioni za sekunde. Ikiwa imefunga kwa sehemu 50 na kufungua kwa sehemu 50, wastani unaotoka ni nusu ya volti zilizoingia. Ikifunga kwa sehemu 10 tu, wastani ni moja ya kumi. Ikifunga kwa sehemu 95, ni karibu zote. Kwa hiyo kidhibiti cha inveta hubadilisha muda huo zamu baada ya zamu: kifupi, kirefu kidogo, kirefu zaidi, kisha hurudi nyuma vivyo hivyo. Mbele ya swichi huwekwa koili na kapasita, ambazo kazi yake ni kulainisha mikatokato ile ibaki wastani wake tu. Na wastani huo ndio wimbi. Katika wimbi moja la gridi, ambalo huchukua sehemu 20 za elfu za sekunde, swichi ile imekwisha kufunga na kufungua mara 200.

Elimu hii si ngeni sana wala si ya jana. Swichi ya kwanza imara ya aina hii, thairista, ilitengenezwa Marekani na General Electric mwaka 1957. Hiyo ilikuwa na ukaidi wake: unaweza kuiamrisha ifunge, lakini huwezi kuiamrisha ifungue, itafungua yenyewe mkondo utakapokufa. Kwa hiyo mhandisi alikuwa na neno moja tu la kusema, nalo ni lini ifunge. Akiichelewesha kidogo, nguvu inapungua, akiiwahisha, inaongezeka. Kwa neno hilo moja dunia imefanya makubwa. Njia ya umeme mnyoofu ya Cahora Bassa, inayotoka Songo nchini Msumbiji hadi Afrika ya Kusini umbali wa zaidi ya kilomita 1,400, ilianza kazi mwaka 1977 kwa thairista, na njia ya kilovolti 500 kutoka Ethiopia hadi Suswa nchini Kenya, kilomita 1,045, inatumia jamaa ya elimu hiyo hiyo. Mwaka 1964 wahandisi wa Brown Boveri, Schönung na Stemmler, walieleza namna ya kuendesha mota kwa kupanga marefu na mafupi ya muda wa swichi. Katika miaka ya 1980 zikaja transista zinazotii amri zote mbili, ya kufunga na ya kufungua, na hapo mlango ukawa wazi kabisa.

Lakini mwenye kudhani kwamba haya ni mambo ya wataalamu wa ng'ambo peke yao, na apite Geita.

Tulipopita huko, katika moja ya maeneo ya wachimbaji wadogo ambako mawe kutoka maduarani husagwa kwa makarasha usiku na mchana, tulimkuta fundi mmoja kijana amekaa chini ya mwembe na sanduku la kuendeshea mota limefunguliwa mbele yake. Limeungua. Lilikuwa limeungua mara ya pili katika wiki moja. Fundi alitueleza kwa utulivu, huku akituita "mzee wangu" kama desturi ya watu wa kule, kwamba mara ya kwanza alibadilisha transista mbili kwa nyingine alizozipata mjini, zenye uwezo ule ule wa volti na ampea.

"Sasa kosa liko wapi?" tukamwuliza.

"Hizi ni nzito kufungua, mzee wangu," akajibu. "Mwenzake anaingia, yeye hajatoka bado."

Maneno hayo machache yanafaa kuandikwa ubaoni katika kila karakana ya nchi hii. Katika inveta swichi hukaa mbili mbili katika mguu mmoja, moja juu na moja chini. Zikifunga zote kwa pamoja, hata kwa sehemu chache za milioni za sekunde, umeme hauna haja tena ya kupitia kwenye mota; unashuka moja kwa moja kutoka juu hadi chini, na transista zinapasuka kwa kishindo cha bunduki. Kwa ajili hiyo kidhibiti hupangwa kiache nafasi ndogo ya kimya baina ya moja kutoka na nyingine kuingia. Nafasi hiyo huwa ni sehemu moja, mbili au tatu tu za milioni za sekunde. Aliyeitengeneza mashine aliipima kwa swichi alizoziweka yeye. Ukileta swichi nyingine iliyo nzito kufungua, kimya kile hakitoshi tena. Na wala si kwamba dawa ni kuongeza kimya tu bila ya kiasi, kwa sababu kila sehemu ya kimya ni muda ambao inveta haitii amri, na wimbi linaharibika umbo. Kimya cha sehemu mbili katika zamu ya sehemu mia ni kosa la mbili kwa mia, na mota hulisikia kosa hilo kwa kupata joto na kutetemeka.

Fundi yule hakuyasoma hayo darasani. Aliyajua kwa kuunguza mali ya tajiri wa karasha. Alitueleza pia kwamba huliacha sanduku zima kwa muda baada ya kulizima kabla ya kutia mkono, maana kapasita za ndani hubaki na umeme wa kuua hata waya wa ukutani ukiwa umekatwa. Hilo nalo hatukupenda kumwuliza alilijuaje.

Tusidhani kwamba masanduku haya ni anasa. Mota kubwa ikiwashwa moja kwa moja huvuta mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kawaida yake, na taa za kijiji kizima hufifia. Ikiwashwa kwa sanduku la swichi, inaanza pole pole na jirani hana habari. Kuna na faida kubwa zaidi. Feni la kupeleka hewa chini ya ardhi likipunguzwa mwendo hadi nne ya tano ya mwendo wake, linatumia karibu nusu tu ya nguvu iliyokuwa ikitumika. Katika mgodi wa chini kwa chini kama Bulyanhulu, ambako hewa ni uhai na feni hazilali, hesabu hiyo si ndogo. Mgodi mkubwa wa Geita, ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2000, uliendeshwa kwa miaka mingi kwa majenereta yake wenyewe yanayokunywa mafuta ya kuagizwa nje. Ndiyo maana ujenzi wa njia ya kilovolti 220 kutoka Bulyanhulu hadi Geita ulikuwa jambo la uchumi wa Taifa na si la mkoa mmoja.

Hapa ndipo tunapoingia katika sehemu nzito ya maneno yetu. Shinyanga na Geita ziko mwisho wa njia ndefu. Mabwawa makubwa yako kusini na mashariki. Umeme hupanda kupitia Iringa, Dodoma na Singida, kilomita 670 kutoka Iringa hadi Shinyanga, katika njia iliyojengwa kwa kilovolti 400. Na huko mwisho wa njia ndiko waliko watumiaji wakubwa wenye mashine nzito. Kituo cha jua cha Kishapu kinawekwa hapo hapo, na ni vyema kiwe hapo, maana jua ni kali na safari ya umeme inakuwa fupi. Lakini inveta inayoingizwa mahali kama hapo inahitaji adabu.

Inveta za kawaida za vituo vya jua ni wafuasi. Husikiliza wimbi la gridi, hulipima, kisha hupanga saa ya swichi zake zilingane nalo. Mwenye kusali jamaa atalielewa hili mara moja. Maamuma hamtangulii imamu katika rukuu wala sijida, humfuata. Sasa msikiti ukiwa na maamuma wengi na sauti ya imamu ikawa hafifu, safu za nyuma huanza kupotea. Vivyo hivyo gridi ikiwa dhaifu na inveta zikawa nyingi, zinaweza kuanza kufuatana zenyewe kwa zenyewe na kuyumba. Mtambo wa maji una chuma kizito kinachozunguka, na uzito huo hauruhusu mwendo ubadilike ghafla. Unawapa watu na mashine sekunde chache za kujitengeneza. Inveta haina uzito huo. Inafanya lile tu lililoandikwa katika kidhibiti chake. Kuna inveta za aina ya pili, zinazoweza kusimama mbele na kuliunda wimbi zenyewe, hasa zikiwa na betri nyuma yake. Hizo sasa zinatumika katika nchi kadhaa, na inafaa zizingatiwe kila tunapoongeza vituo vya jua.

Wahandisi wana neno ambalo litawachekesha watu wa Visiwani. Gridi ikikatika na inveta ikaendelea kulisha kipande kilichobaki peke yake, wao husema pamezuka "kisiwa", na kisiwa hicho kwao ni hatari. Fundi wa nguzo anapanda akijua njia imezimwa, kumbe kuna paneli mahali zinazoilisha kwa nyuma. Kanuni inayofuatwa na nchi nyingi inaitaka inveta ijitambue kwamba imebaki peke yake na ijizime ndani ya sekunde mbili.

Lakini kujizima nako kuna msiba wake. Tarehe 28 Septemba 2016 dhoruba iliangusha minara ya umeme katika jimbo la Australia Kusini, na volti zikashuka mara kadhaa ndani ya dakika mbili. Mashamba ya mitambo ya upepo yalikuwa yamepangiwa ndani ya vidhibiti vyake kwamba yakivumilia mishtuko kadhaa mfululizo basi yapunguze nguvu au yajitoe. Tisa kati yake yakafanya hivyo, zikapotea megawati 456, njia iliyobaki ikalemewa, na jimbo zima likaingia gizani. Kilichowashangaza wachunguzi ni kwamba mpangilio huo haukuwa ukijulikana na mwendesha gridi. Ulikuwa umo ndani ya mashine, umewekwa na watengenezaji, na hakuna aliyeuuliza. Mpangilio ulipobadilishwa, mitambo ile ile ikawa inavumilia.

Ujerumani nayo ilipata fundisho, ingawa yenyewe iliwahi kabla ya msiba. Inveta za jua zilizokuwa majumbani ziliamrishwa na kanuni ya zamani zijizime zote mara gridi ikifika mawimbi 50.2 kwa sekunde. Kanuni hiyo ilikuwa haina madhara wakati paneli zilikuwa chache. Zilipokuwa nyingi, maana yake ikawa kwamba siku moja yenye jua kali gridi ikipanda kidogo tu, maelfu ya megawati yangetoweka kwa pigo moja. Mwaka 2012 serikali ikatoa amri, na mafundi wakapita mlango kwa mlango kurekebisha inveta zaidi ya 300,000, kwa gharama ya umma. Namba moja, iliyoandikwa na mtu mmoja mezani miaka ya nyuma!

Kwa hiyo tunawauliza ndugu zetu viongozi na watendaji, wa Bara na wa Visiwani: mipangilio ya inveta za Kishapu itakuwa mikononi mwa nani? Mkandarasi atajenga, atakabidhi funguo, atapiga picha na kuondoka. Je, atakabidhi pia orodha kamili ya mipangilio: inveta ijizime volti zikishuka kiasi gani na kwa muda gani, mawimbi yakifika mangapi, ivumilie mishtuko mingapi, irudi baada ya dakika ngapi? Je, kuna wahandisi wetu watakaoweza kuibadilisha bila ya kusubiri mtu apande ndege? Sisi hatusemi kwamba mambo haya hayakuzingatiwa. Tunasema kwamba ni haki ya mwananchi kujua kuwa yamezingatiwa, kwa sababu deni la mkopo atalilipa yeye.

Swali hilo hilo tunaligeuza upande wetu. Mpango wa kubadilisha sekta ya nishati Zanzibar, ambao Benki ya Dunia iliupitisha mwaka 2021, unahusu umemejua pamoja na betri. Unguja ni mfumo mdogo kuliko Bara, na waya wake wa bahari ndio imamu wake. Siku waya huo utakapokatika tena, betri zetu na inveta zetu ama zitasimama mbele na kuliunda wimbi, angalau kwa hospitali na visima vya maji, ama zitajizima kwa adabu na kutuacha na vibatari vyetu vya 2010. Jambo hilo linaamuliwa katika kurasa za zabuni kabla ya meli kushusha kontena moja bandarini. Shirika la Umeme Zanzibar lina wahandisi wanaolielewa. Tunachotaka ni kwamba wasikilizwe mapema, wala si kuitwa kushuhudia makabidhiano.

Na tusiwasahau mafundi. Taasisi ya Karume pale Mbweni na vyuo vya VETA huko Bara vinafundisha ufungaji wa nyaya na usukaji wa mota, na hiyo ni kazi ya heshima. Lakini mota inayosukwa leo karibu na Geita inaendeshwa na sanduku la swichi, na kijana anayemaliza masomo pasipo kupata kuliona wimbi kwenye kioo cha kipimo, akahesabu kwa macho yake ile nafasi ya kimya baina ya swichi mbili, atakwenda kujifunza kwa kuunguza. Kipimo cha namna hiyo kimoja kwa kila karakana si mzigo wa kulishinda Taifa. Masanduku mabovu yaliyotupwa migodini na mahotelini yapo tele. Yakusanywe, yapelekwe skuli, yafunguliwe.

Madukani kwetu nako, kuanzia Darajani hadi Kahama, zinauzwa inveta ambazo juu zimeandikwa wati elfu tatu na ndani wimbi lake si wimbi bali ni ngazi: juu, sifuri, chini. Taa zitawaka na simu zitajaa chaji. Jokofu litanguruma na pampu itapata joto mpaka siku moja ife, na mwenye nalo atalaumu pampu. Mashirika ya viwango ya pande zote mbili za Muungano yana uwezo wa kulazimisha kwamba umbo la wimbi liandikwe juu ya sanduku kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka, pamoja na kiasi cha wati ambacho sanduku linaweza kukibeba kwa saa nzima na si kwa dakika moja.

Fundi wa Geita tuliyemtaja alikuwa na mpango wake. Alikuwa amekwisha kuandika kwenye karatasi majina ya transista tatu, na mbele ya kila moja muda wake wa kufungua, alioutafuta katika simu yake. Mwenye karasha alikuwa amesimama pembeni akitazama saa, mawe yake yamelala, vibarua wake wamekaa kivulini bila ya kazi. Aliuliza kama itapatikana Mwanza au lazima iagizwe Dar es Salaam. Fundi alisema ya pili katika orodha ndiyo inayofaa, na kwamba asiletewe nyingine yoyote hata ikiwa bei yake ni nusu.